Kipokezi cha mdudu ndani ya seli ya binadamu: uchambuzi wa majaribio mawili ya mwaka 2008

Tarehe 24 Aprili 2008 jarida la Nature lilichapa makala mbili zilizofuatana kurasa, zote zikishughulikia swali moja: mdudu anaponusa, ni jambo gani hasa linalotokea kwenye utando wa nyuroni yake katika kitambo kile kifupi kati ya molekuli ya harufu kugusa kipokezi na umeme kuanza kupita? Makala ya kwanza ilitokana na ushirikiano wa maabara ya Kazushige Touhara nchini Japani na ya Leslie Vosshall katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ya pili iliandikwa na Dieter Wicher na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Ikolojia ya Kemikali, mjini Jena, Ujerumani. Ushahidi mkuu wa pande zote mbili haukutoka kwa mdudu mwenyewe, bali kwa seli za binadamu zilizokuzwa maabara na kupandikizwa jeni za mdudu. Makundi hayo yalikubaliana kwamba kipokezi cha harufu cha mdudu ni mfereji wa ayoni, yaani tundu kwenye utando linalopitisha chembe zenye chaji ya umeme, yakatofautiana kuhusu kinachoufungua mfereji huo. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa hadi leo, kwa kuwa imefungamana na aina ya seli iliyotumika.

Dhana iliyokuwa imetawala kabla ya hapo ilitoka kwa mamalia. Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel walieleza familia kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu vya panya, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Vipokezi hivyo hupenya utando wa seli mara saba na havipitishi ayoni vyenyewe. Kipokezi huamsha protini-G, ambayo ni protini ya kupokezana ujumbe ndani ya seli, protini-G huamsha kimeng'enya, kimeng'enya hutengeneza mjumbe mdogo aitwaye AMP ya mzunguko, na mjumbe huyo ndiye anayeufungua mfereji ulio pembeni. Jeni za vipokezi vya inzi wa matunda, Drosophila melanogaster, zilipopatikana mwaka 1999, nazo zilionekana kuwa za protini zinazopenya utando mara saba, na wengi wakaridhika kwamba utaratibu ni ule ule. Hawakuwa wamekosa sababu, kwani tangu mwaka 1990 ilikuwa imeonyeshwa kwamba wajumbe wa ndani ya seli huongezeka haraka kwenye vipapasio vya wadudu baada ya kupuliziwa harufu.

Nyufa zilianza kuonekana polepole. Mfuatano wa asidi amino wa vipokezi vya inzi haukuonyesha undugu wowote na wa vipokezi vya panya. Mwaka 2004 ilibainika kwamba protini moja, iliyoitwa wakati huo Or83b na leo Orco, imo katika nyuroni nyingi za harufu za inzi pamoja na kipokezi mahususi cha kila nyuroni, na kwamba ikiondolewa, vipokezi vingine havifiki kwenye matawi ya nyuroni yanayokutana na harufu. Mwaka 2006 Richard Benton na wenzake walionyesha kwamba protini hizi zimekaa kinyume kwenye utando: ncha ambayo kwa vipokezi vya kawaida vya protini-G huwa nje ya seli, kwa wadudu iko ndani, na ile ya ndani iko nje. Kwa maoni yangu matokeo haya ya mwaka 2006 yalitosha kumtia mtu shaka hata kabla ya umeme wowote kupimwa, kwa sababu protini iliyopinduliwa hivyo haina mahali panapojulikana pa kushikania na protini-G kwa namna ya kawaida. Hata hivyo shaka si kipimo, na kipimo kilihitaji mahali pa kufanyia.

Ndani ya inzi hapakuwa mahali pazuri. Nyuroni ya harufu imo ndani ya kinyweleo chembamba cha kipapasio, imezungukwa na umajimaji wenye protini zake, na ndani yake kuna protini-G, vimeng'enya na mifereji ya kila aina. Mtafiti akipuliza harufu na kurekodi umeme, hawezi kutenganisha mchango wa kipokezi na wa vyote vilivyokizunguka. Maabara ya John Carlson katika Chuo Kikuu cha Yale ilikuwa imebuni njia ya kumtumia inzi ambaye nyuroni yake moja imenyimwa kipokezi chake, kisha kuipa kipokezi kingine kinachochunguzwa. Njia hiyo imetoa orodha kubwa za kipokezi gani kinaitikia harufu gani, zikiwemo za mbu Anopheles gambiae zilizochapishwa mwaka 2010, lakini haikufaa kwa swali hili, kwani nyuroni iliyonyimwa kipokezi bado ni nyuroni ya inzi, yenye vifaa vyake vyote.

Ndipo seli za mamalia zinapopata umuhimu wake. Seli za HEK293 zilitokana na figo la kijusi cha binadamu, nazo ziligeuzwa kuwa ukoo wa seli usiokoma kugawanyika katika maabara ya Leiden, Uholanzi, mwaka 1973. Seli za HeLa, ambazo nazo zilitumika, zilitoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951 huko Baltimore, naye hakuombwa ridhaa, jambo ambalo mtu anayezitumia hana budi kulijua. Hakuna kati ya aina hizi iliyo na kazi ya kunusa. Katika shauri hili ziliitwa kama shahidi asiye na undugu na upande wowote: kama seli ya figo, baada ya kupewa jeni mbili tu za mdudu, inaanza kupitisha umeme inapokutana na harufu ya tunda, basi uwezo huo umekuja na hizo jeni mbili, au umetokana na kitu ambacho seli ilikuwa nacho tangu mwanzo. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo iliyozua mgogoro.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Jeni ya kipokezi na jeni ya Orco huwekwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA cha mviringo, plasmidi huchanganywa na mafuta maalumu yanayoiwezesha kupenya utando, na baada ya siku moja au mbili sehemu ya seli huwa zimeanza kutengeneza protini hizo. Njia ya haraka ya kuona mwitikio ni kuzijaza seli rangi inayong'aa zaidi kalisi inapoongezeka, kumwaga harufu iliyoyeyushwa kwenye kisahani, na kutazama kwa hadubini mwangaza unavyopanda. Njia hii hupima seli nyingi kwa mara moja, ila husema machache: kalisi ikiongezeka ndani ya seli, huenda imeingia kutoka nje kupitia mfereji, na huenda imetolewa kwenye ghala za ndani na mjumbe aliyeamshwa na protini-G. Kundi la Touhara na Vosshall lilipoonyesha kwamba kalisi iliingia kutoka nje, lilikuwa limepunguza uwezekano mmoja na kuacha mwingine wazi.

Kipimo kilichobeba uzito wa hoja kilikuwa cha umeme, nacho chafaa kuelezwa hatua kwa hatua. Mtafiti hushusha juu ya seli pipeti ya kioo ambayo ncha yake ina upana wa takriban maikromita moja, kisha huvuta hewa kidogo mpaka utando unapoganda kwenye mdomo wa kioo kwa ukinzani unaozidi gigaomu moja. Akiongeza mvuto, kiraka kilicho chini ya pipeti hupasuka na pipeti huwasiliana na ndani ya seli. Akiirudisha nyuma pipeti taratibu, utando hunyooka, hukatika, na hujifunga tena kwenye ncha ya kioo huku uso wake wa nje ukiwa umeelekea nje. Kinachobaki ni kipande kidogo cha utando, bila kiini wala umajimaji wa ndani ya seli, kikiwa kimeogeshwa upande wa ndani kwa mchanganyiko ambao mtafiti ameuandaa mwenyewe. Wajumbe wadogo kama AMP ya mzunguko hawamo isipokuwa wametiwa. Kundi la kwanza lilitumia vipande vya namna hiyo vilivyotolewa kwenye seli za HEK293T na kwenye mayai ya chura Xenopus, likavigusisha harufu, na mfereji mmoja mmoja ukaonekana ukifunguka na kufunga.

Kwa jaribio hilo, pamoja na mengine yaliyolizunguka, kundi hilo lilijenga hoja yenye nguzo kadhaa. Umeme ulianza kwa kasi ambayo msururu wa protini-G na vimeng'enya usingeifikia kwa urahisi. Dawa zinazozuia njia za protini-G hazikuuzima. Tena mfereji ulibadilika kulingana na kipokezi kilichounganishwa na Or83b: upenyaji wa potasiamu haukuwa sawa kwa mchanganyiko wa inzi, wa nondo wa hariri na wa mbu. Nguzo hii ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote. Kama mfereji ungekuwa wa seli ya HEK293 yenyewe, ulioamshwa tu na kipokezi cha mdudu, tabia ya tundu lake isingekuwa na sababu ya kubadilika kila kipokezi kinapobadilishwa. Kubadilika huko kunamaanisha kwamba kipokezi kimeshiriki kulijenga tundu.

Kundi la Jena lilitumia seli za HEK293 zenye kipokezi Or22a cha inzi pamoja na Or83b. Harufu ilipomwagwa, walirekodi mikondo ya aina mbili: mmoja wa haraka na wa muda mfupi, usiohitaji protini-G, na mwingine uliochelewa kuanza na uliodumu, ambao ulipitia njia ya wajumbe wa ndani. Walionyesha pia kwamba Or83b peke yake, bila kipokezi chochote cha harufu, iliunda mfereji uliofunguliwa na AMP ya mzunguko na GMP ya mzunguko, na kwamba kubadilisha asidi amino katika sehemu fulani ya Or83b kulibadilisha ayoni zinazopita. Wakahitimisha kwamba Or22a hufanya mambo mawili: huifungua Or83b moja kwa moja, na huamsha pia utengenezaji wa AMP ya mzunguko ambayo nayo huja kuifungua Or83b kwa mara ya pili. Upande wa kwanza, kwa vipimo vyao, haukuiona athari hiyo ya wajumbe.

Msomaji anaweza kushawishika kuuliza nani alikosea, lakini swali lenye manufaa zaidi ni kile ambacho seli ya HEK293 ilikuwa na uwezo wa kukithibitisha. Seli hii haikuwa tupu. Ina protini-G zake, ina kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya mzunguko, na ina vipokezi vyake vya asili vya muskarini na vya adrenalini, ndiyo maana karbakoli, kemikali inayoamsha vipokezi vya muskarini, humwagwa mara kwa mara mwishoni mwa jaribio la kalisi ili kuthibitisha kwamba seli zilikuwa hai na rangi ilikuwa ikifanya kazi. Kwa hiyo jaribio linaloonyesha kwamba mkondo upo hata mitambo hiyo inapozimwa au kuondolewa linasimama bila kutegemea seli, kwani hakuna kilichobaki cha kulielezea isipokuwa protini za mdudu. Jaribio linaloonyesha kwamba mitambo hiyo huongeza mkondo linasimama kwa mguu mmoja: limethibitisha kwamba protini za mdudu zinaweza kuathiriwa na mitambo ya figo la binadamu, bila kuthibitisha kwamba nyuroni ya inzi inaitumia mitambo kama hiyo wakati wa kunusa. Hoja hizi mbili hazina uzito sawa, ingawa zilipimwa kwa chombo cha aina moja na seli za aina moja, na sioni haki kuzitaja kama maoni mawili yanayolingana, kama baadhi ya mapitio yalivyozoea kufanya.

Hilo halimaanishi kwamba matokeo ya Jena yalikuwa ya bure.  Ni kweli kwamba kazi iliyotoka Yale mwaka 2010 ilivuruga protini-G ndani ya nyuroni za inzi wenyewe na kuona athari ndogo tu kwenye mwitikio wa vipokezi vya harufu. Mwaka 2011 maabara ya Laurence Zwiebel katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ilipima Orco ya mbu Anopheles gambiae katika seli za HEK293 na haikuona wajumbe wa mzunguko wakiifungua. Mwaka huo huo kundi la Jena lilijibu kwa jambo lenye mantiki: Orco ya inzi huitikia AMP ya mzunguko pale tu inapokuwa imetiwa fosfeti na kimeng'enya kiitwacho kinasi C. Ikiwa ni hivyo, maabara mbili zenye seli za ukoo mmoja zinaweza kupata majibu tofauti kwa sababu tu kinasi hiyo ilikuwa macho katika moja na imelala katika nyingine, jambo linaloweza kutegemea mchanganyiko wa ndani ya pipeti na hali ya seli siku hiyo. Orco haina sehemu inayofahamika ya kushika nyukleotidi za mzunguko, kwa hiyo athari hiyo, pale inapoonekana, ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kurekebisha unyeti kuliko ya kuanzisha mwitikio.

Kazi hiyo ya Vanderbilt ilikuwa na matokeo mengine ambayo yasingepatikana bila seli hizi. Ukoo wa HEK293 unaotengeneza Orco na kipokezi AgOr10 cha mbu uliwekewa kemikali zaidi ya laki moja, moja baada ya nyingine, kwa mashine inayosoma mwangaza wa kalisi. Ikapatikana molekuli moja, iliyopewa jina VUAA1, ambayo huifungua Orco yenyewe bila kujali kipokezi kilichounganishwa nayo. Iligundulika kwamba huifungua pia Orco ya wadudu wengine walio mbali kiukoo, na leo hutumika kama kipimo cha uhakika: ikiwa seli haiitikii harufu lakini inaitikia VUAA1, basi Orco imefika kwenye utando na tatizo liko kwa kipokezi au kwa harufu. Kabla ya hapo ukimya wa seli haukuwa na tafsiri, na idadi ya majaribio yaliyotupwa kwa sababu hiyo haijulikani na yeyote.

Ukimya huo ni wa kawaida kuliko makala zinavyodokeza. Protini za mdudu hufika kwenye utando wa seli ya mamalia kwa kiasi kidogo, nyingi zikibaki zimenaswa ndani. Seli hukuzwa kwa nyuzijoto 37, ilhali seli za wadudu huzoea takriban 27, na mafuta ya tando hizo mbili hayafanani. Watafiti wamejaribu kuandika upya jeni kwa kodoni zinazopendwa na seli za binadamu, kubandika vipande vya protini vinavyosaidia usafirishaji, na kutengeneza koo za kudumu ambazo jeni huwashwa kwa tetrasaiklini, ili seli zote kwenye kisahani ziwe na kiasi kinachokaribiana. Njia hii ya mwisho ndiyo ningeichagua kwa kazi ya kulinganisha vipokezi, kwani upandikizaji wa muda huacha seli chache zikiwa zimejaa na nyingi zikiwa bila kitu, na wastani wa kundi kama hilo hauna maana kubwa.

Kuna pia yale ambayo kisahani hakiwezi kuyasema kabisa. Harufu nyingi haziyeyuki majini, kwa hiyo huyeyushwa kwanza katika kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO huingiza molekuli kwa kipokezi kwa namna ambayo mdudu haijui. Mfano mzuri ni wa mwaka 2006, ambapo seli za HEK293 zenye kipokezi BmOR-1 cha nondo wa hariri, zikitumia kiyeyushi hicho, ziliitikia bombikoli, feromoni ya nondo huyo, na pia bombikali, kemikali mbili ambazo nondo huzitofautisha barabara. DMSO ilipobadilishwa na protini ya nondo inayobeba feromoni, seli zikaitikia bombikoli pekee. Kwa hiyo uchaguzi uliodhaniwa kuwa wa kipokezi kumbe kwa sehemu ni wa mbebaji. Vivyo hivyo protini SNMP1, ambayo inzi huihitaji ili kunusa feromoni ya dume mwenzake, haimo kwenye seli ya figo. Anayesoma jedwali la kipokezi na harufu lililotokana na HEK293 anapaswa kulichukulia kama orodha ya kile ambacho kipokezi kinaweza kukishika, na kungoja kipimo cha kipapasio kabla ya kusema mdudu anakinusa.

Kuhusu swali la msingi la mwaka 2008, jibu la umbo lilikuja kwa hadubini ya elektroni ya baridi kali, tena kwa protini zilizotengenezwa ndani ya seli za HEK293. Mwaka 2018 maabara ya Vanessa Ruta huko Rockefeller ilichapisha umbo la Orco ya nyigu wa mtini, Apocrypta bakeri: nakala nne zimezunguka tundu moja la katikati. Mwaka 2021 likafuata umbo la kipokezi MhOR5 cha mdudu wa kale asiye na Orco, Machilis hrabei, kikiwa kimeshika yujenoli, kemikali ya harufu ya karafuu, na pia DEET, dawa ya kufukuza wadudu, ndani ya mfuko mmoja. Mwaka 2024 ikaonekana kwamba kipokezi cha mbu kinapoungana na Orco, uwiano ni kipokezi kimoja kwa Orco tatu. Uwiano huo unaeleza kwa nini mabadiliko ya kipokezi yaligusa tabia za tundu bila kulivunja, kama majaribio ya mwaka 2008 yalivyokuwa yameonyesha. Kilichobaki bila kufungwa ni ule mkondo wa pili wa Jena, na kuufunga kutahitaji mtu apime Orco yenye fosfeti na isiyo nayo katika nyuroni za inzi mwenyewe, akitumia HEK293 kwa ulinganisho tu.